Shimo Nyuma ya Karakana, Kijenge

Kazi yangu ni kufunga muziki. Ukiwa Arusha una harusi, kipaimara au mkutano wa injili, unanipigia simu, nakuja na kirikuu kimejaa spika, mikisa, amplifaya na kapu la waya, nafunga mchana, nafungua usiku wa manane. Miaka kumi nimekula kwa kazi hiyo. Fundi wa aina yangu husifiwa pale asipoonekana: maiki isilie, besi isingurume, maneno ya mchungaji yamfikie hata mlinzi wa getini. Ndivyo masikio yangu yalivyozoea. Nilikuwa sijui kwamba kuna kusikiliza kwa namna nyingine mpaka nilipokwenda Jinja, Septemba 2018.

Kilichonipeleka ni singeli. Sisi wa Kaskazini tulikuwa tunaiona kama mambo ya vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vya Manzese na Tandale, muziki wa kukimbizana ambao ukiupiga kwenye harusi ya Njiro wazee wanatuma mtoto aje akwambie upunguze. Siku moja rafiki yangu mchoraji akanisikilizisha kwenye simu mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, uliotoka 2017 kwenye lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Ni vijana wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, wa hapahapa nchini, nao wanasikilizwa Ulaya na watu wasiojua hata salamu ya Kiswahili. Wenye lebo hiyo ndio walioanzisha tamasha la muziki wa majaribio kando ya Mto Naili, Jinja, mwaka 2015. Nikasema lazima nikaone wanaufungaje muziki ule. Singeli inaweza kufika mapigo 300 kwa dakika, yaani mapigo matano kila sekunde. Kwa fundi, hapo hakuna pa kujificha.

Jina la tamasha, lilelile la lebo, Nyege Nyege, sikuweza kulitamka mbele ya mama. Kwa Waganda ni ile hamu ya kucheza inayomshika mtu ghafla asiweze kuizuia. Kwa Kiswahili kila mtu anajua lina maana gani. Nikamuaga kwa kusema nakwenda kwenye muziki Jinja, basi. Mwaka ule waziri wa maadili wa Uganda alitangaza kulizuia zikiwa zimebaki siku chache, kisha likaruhusiwa, na mimi nilikuwa nimeshakata tiketi. Namanga, Nairobi, Nakuru, Busia. Mipaka miwili, kadi ya homa ya manjano mfukoni. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako mjini kwetu, nimepita mbele ya majengo yale mara elfu nikiwa na spika mgongoni mwa gari, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Tanzania.

Usiku wa kwanza nilisimama nyuma kabisa, karibu na meza ya mikisa, kama ninavyosimama kazini. Nilisikia ngoma za Kiganda zikikimbizana na kinanda cha umeme kilichokuwa kinakwaruza kwa makusudi. Nilisikia besi ambayo ningemfukuza kijana wangu kazini kwa kuiachia. Kila dakika mkono wangu ulitaka kwenda kurekebisha kitu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyekuwa analinda jenereta. Aliwahi kuwa utingo wa malori ya Mombasa, Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kizito na kitamu. Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Kijana wa Tanzania, wewe unasikiliza kama askari wa trafiki. Unatafuta kosa."

Nilimweleza kazi yangu. Akasogeza dumu lake, akanipa nafasi nikae, akanimiminia chai ya chupa. Hakunieleza muziki. Aliniambia tu habari za watu: huyu kwao ni wapi, yule anafanya kazi gani mchana. Akanitajia Otim Alpha, mwimbaji wa harusi wa Waacholi wa Kaskazini mwa Uganda, ambaye nyimbo zake za larakaraka, ngoma ya uchumba ya Waacholi, ziliingizwa kwenye kompyuta na kuharakishwa mpaka zikawa kitu kingine. Mwimbaji wa harusi! Watu wa namna hiyo ndio ninaowafungia maiki kila Jumamosi. Nilipojua hivyo mabega yangu yalishuka.

Tamasha lilipokwisha mzee alinipandisha bodaboda mpaka kijiji kimoja cha Busoga. Huko nilikuta embaire. Wamechimba shimo ardhini, juu yake wamelaza mashina ya migomba, na juu ya mashina wamepanga vipande vya mbao vipana, virefu, kutoka kikubwa mpaka kidogo. Wapigaji wanakaa pande zote mbili wakitazamana, sita, saba, hata nane kwenye ala moja. Hakuna anayepiga wimbo mzima. Kila mmoja ana kipande chake, kinaingia kwenye pengo la mwenzake, na wimbo unatokea katikati yao, hapo hewani. Shimo ndilo spika. Miaka kumi nabeba makabati ya besi mgongoni, na hawa wamechimba lao wakaliacha hapohapo.

Wakanipa fimbo mbili, wakanikalisha mwisho kabisa mwa mstari. Kijana wa pembeni yangu akanionyesha kwa kidole: hapa tu, usihame. Nilipiga sauti moja kwa nusu saa. Kwa dakika kumi za kwanza nilikuwa nachelewa na hakuna aliyenikunjia uso. Baadaye mkono ukashika. Sijawahi kupokelewa na muziki kwa namna ile, na nauita kupokelewa kwa sababu sioni neno jingine.

Nilirudi Arusha nimejaa. Kwenye simu nilikuwa na picha za video za siku zote, na kinasa sauti cha kuazima kilikuwa kimejaa pia. Nikaamua kulifanyia tamasha lile sherehe nyumbani: filamu, picha za kuchora na sauti, usiku mmoja, bure. Fundi seremala mmoja wa Kijenge akanipa uwanja wa nyuma ya karakana yake. Mwenyekiti wa mtaa akaniandikia barua. Hiyo ilikuwa Februari 2019.

Ilienda vibaya, na nimetumia muda mrefu kuelewa kwa nini.

Kwanza nilihutubia. Watu wapatao sitini walikuja, wengi wao wakidhani ni sinema ya injili, na mimi nilishika maiki dakika arobaini nikieleza maana ya muziki wa majaribio. Kisha nikaonyesha filamu niliyoiunganisha mwenyewe, dakika kumi na nane, yenye maandishi chini ambayo kutoka mstari wa tatu hayasomeki. Kisha nikapiga. Nilikuwa nimeweka spika mbili kubwa mbele na nyingine mbili getini, ili wapita njia wasikie.

Hapa nitaeleza kidogo, kwa sababu kosa hili nalikuta kila mahali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka spika za mbele mpaka zile za getini palikuwa na mita 34, maana yake aliyesimama getini aliisikia sauti ya mbele ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mahubiri hiyo ni mwangwi kidogo tu. Kwa singeli ya mapigo matano kwa sekunde ni nusu nzima ya pigo: pigo la mbele linatua katikati ya mapigo mawili ya nyuma, na muziki uliotengenezwa kwa usahihi wa sindano unakuwa uji. Watu waliposema ni kelele walikuwa wanasema kweli. Mimi ndiye niliyeufanya kelele. Nilijua hesabu hiyo tangu siku za mikutano ya uwanjani, ila usiku ule nilijiambia haidhuru, si ni majaribio? Nililichukua neno majaribio kama ruhusa ya kulegea. Wale wa Jinja walikuwa wanapima waya mara tatu.

Na besi. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita saba. Ukuta wa tofali hauizuii, pazia ndiyo kabisa. Nyumba tatu mbele yangu mtoto alishindwa kulala, na baba yake alikuja akiwa na haki yote.

Saa tatu na nusu uwanja ulikuwa mtupu. Alibaki mama mmoja wa Kiarusha, jirani wa karakana, ambaye mchana hugonga kokoto Moshono. Nilimwamkia, "Shikamoo yeyo," yaani mama. Akaitikia, akajifunga shuka vizuri, akasema kwa upole: "Mwanangu, umetuita tuje tushuhudie kwamba ulisafiri."

Nilikusanya waya bila kuongea na mtu. Lile neno nililala nalo wiki nyingi. Yule mzee wa jenereta alinipa chai na nafasi ya kukaa kabla hajanipa chochote cha kusikiliza. Mimi niliwapa watu sitini hotuba.

Kwa hiyo nilianza upya, kwa kubisha hodi. Nilimwendea yule yeyo Moshono asubuhi, nikamwomba ruhusa ya kurekodi nyundo. Wanakaa wanawake watano au sita kwenye rundo la mawe, kila mmoja na nyundo yake na jiwe lake la chini, na ukifumba macho ni embaire kabisa. Alicheka, akasema niweke kitu changu mbali, cheche zisikiumize. Nilirekodi cherehani za wamama wa Soko Kuu. Nilirekodi mashine ya kusaga ya Unga Limited, mtaa ambao jina lake lenyewe limetokana na kinu. Mashine ikipokea mahindi sauti yake hushuka, yakiisha hupanda kama mtu anayeuliza swali. Nilirekodi kengele za ng'ombe mnadani Kisongo, na matarumbeta ya Kilutheri yakirudi kutoka harusini juu ya gari, wapigaji wamechoka, mmoja tu bado anapuliza. Ile ya matarumbeta ndiyo naipenda kuliko zote.

Katika pitapita hizo mzee mmoja wa kanisa ninakofunga muziki alinionya. Alisema hayo ni mambo ya Wazungu waliokosa la kufanya. Nilimjibu kwa heshima kwamba mwaka 1944, Cairo, Mmisri mmoja aitwaye Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaingia nacho kwenye ngoma ya zari ya akina mama, ile ya kutuliza pepo, akarekodi, kisha akaingia studio akaondoa sehemu za sauti na kuzitia mwangwi mpaka kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia. Pierre Schaeffer wa Paris, anayetajwa sana kwa kutengeneza muziki kwa sauti za treni, alifanya hivyo 1948. Mwafrika alitangulia kwa miaka minne. Mzee alinyamaza. Alichouliza baadaye ni kimoja tu: waya unarekodije sauti? Tulikaa kwenye ngazi za kanisa nikimwelezea sumaku mpaka kengele ikalia. Tangu hapo hajanionya tena, na siku ya onyesho langu la pili alikuja, akakaa mbele.

Rafiki yangu mchoraji alikuwa na mzigo wake. Anaishi kwa kuchora Tingatinga za kuwauzia watalii, tembo na twiga juu ya rangi ya machweo. Anaiheshimu kazi hiyo. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za dukani juu ya mbao rahisi, akafa 1972, na wengi wamesomesha watoto kwa mtindo alioacha. Lakini mwenzangu alikuwa hajachora kitu kisicho na mteja kwa miaka sita. Nilimvalisha spika za masikioni nikampigia sauti zile moja moja. Alichora juu ya vipande vya plaiwudi vya seremala kwa rangi zilezile, bila mnyama hata mmoja. Picha ya mashine ya kusaga ilikuwa mviringo wa rangi ya pumba unaopasuka upande mmoja. Aliifanya kwa siku mbili na hakuniuliza mara hata moja kama inafaa.

Embaire yetu aliitengeneza seremala. Nilimwonyesha video, akaitazama mara tano, akaniambia nitoke niende zangu. Nikarudi kesho yake nikamkuta anagonga mbao. Msindano alikuwa ameshautupa kando: "Huu hauimbi, huu unakohoa." Mninga ulilia vizuri. Aligundua mwenyewe kwamba ukinyoa katikati ya ubao upande wa chini sauti inashuka, ukinyoa ncha inapanda. Kuhusu mahali pa kuulaza ubao juu ya mgomba, alinyunyiza unga wa msumeno juu yake, akagonga taratibu mfululizo, na unga ukatembea wenyewe ukajikusanya kwenye mistari miwili. Hapo ndipo ubao hautikisiki, akasema, hapo ndipo pa kuulaza. Tulipima: kwa ubao wa mita moja ilikuwa sentimita 22 hivi kutoka kila ncha. Vitabu vya wanaotengeneza marimba vinasema hivyohivyo. Yeye alilijua hilo kwa unga wa msumeno, na niliona fahari kusimama karibu yake.

Shimo tulichimba pamoja na vijana wake. Ilikuwa Novemba, vuli, na usiku wa kuamkia siku yenyewe lilijaa maji mpaka juu. Tulichota kwa ndoo tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Safari hii hapakuwa na hotuba. Saa kumi na moja jioni, jua bado liko, nilisimama getini nikawapokea watu mmoja mmoja, na kila aliyeingia alipewa bakuli la loshoro, chakula cha Kiarusha cha mahindi na maziwa. Mke wa seremala alisimamia vyungu na bila yeye pasingekuwa na kitu. Spika kubwa nilizirudisha stoo. Nilitundika ndogo nane kuzunguka uwanja, ili kila mtu awe karibu na moja, na hivyo hakuna haja ya kupaza. Yule baba mwenye mtoto alikaa na mtoto wake magotini.

Filamu ilionyeshwa juu ya mashuka mawili yaliyounganishwa kwa cherehani, bila maandishi na bila sauti yake. Nilikuwa nimemtafuta kaka mmoja wa Ngarenaro aliyekuwa akitafsiri sinema kwenye banda la video zamani, kazi ileile iliyompa Lufufu jina nchi nzima: kukaa na maiki mbele ya picha za kigeni na kuzisimulia kwa Kiswahili kana kwamba zimetokea mtaa wa pili. Hajafika Jinja. Alinihoji mchana kutwa, anataka kujua mpaka chai ya yule mzee ilikuwa na tangawizi au haina. Jioni alisimulia, na watu wakaingia kwenye hadithi. Ulipotokea Mto Naili alisema maneno mawili tu, "Sikilizeni mto," akanyamaza. Hapo nikafungua sauti ya maji kwenye spika nane, taratibu. Sikusikia hata bakuli likiguswa.

Kisha picha za mchoraji zikaegeshwa kwenye benchi za karakana, na nikaanza kupiga sauti za mji bila kusema ni za nini. Watoto walikuwa wa kwanza: mmoja alikimbilia ile plaiwudi ya mviringo, akasema hii ni mashine ya Unga Limited. Mchoraji aligeuka akaangalia ukuta. Singeli nilipiga kwa dakika nane, kwa sauti ya chini, kila pigo likiwa mahali pake, na wazee hawakutuma mtu.

Nyundo za Moshono ziliingia giza likiwa limetanda. Nilikuwa nimezirekodi asubuhi nne tofauti, nikaziweka kila moja kwenye spika yake, ili uwanja wote uwe rundo la mawe na sisi tuwe katikati. Nilijivunia sana mpango huo. Ghafla yule yeyo akainua mkono.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Ile ya pale kwenye mwembe, umesema ni mimi?"

Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba atajisikia upande wa mwembe. Nikaitikia.

"Siyo mimi. Huyo ni mwenzangu wa upande wa juu. Yeye anagonga moja moja, ana bega bovu. Mimi nagonga mbili, nageuza jiwe, nagonga moja. Niko kule," akaonyesha spika ya choo cha nje, "na siku ile nilikuwa na nyundo ya kuazima, ndiyo maana nalia nyembamba."

Nilirudisha nyuma. Watu wote wakasikiliza, na sijawahi kuona watu mia wakisikiliza vile. Mbili, jiwe, moja. Mbili, jiwe, moja. Kule kwenye mwembe, moja, moja, na kati yake pumzi. Nimerekodi sauti zile mwenyewe, nimezikata mwenyewe, nimezisikiliza miezi mitano kwa spika za masikioni za bei kubwa, na nilikuwa sijasikia bega.

Seremala akanong'ona kitu, vijana wakasogea kwenye shimo. Yeyo akakalishwa katikati, akapewa fimbo. Akakataa fimbo, akaomba nyundo ya mbao ya karakana. Alipiga kama anavyogonga, mbili, akaacha pengo, moja, na vijana wakaingia kwenye pengo.

Kabla ya kuondoka alikuja mezani kwangu kutazama kompyuta. Hasomi sana lakini herufi anazijua. Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa umeniandika nani?"

Faili lilikuwa linaitwa kokoto namba tatu. Nikamwomba jina lake lote, pamoja na la baba yake. Akanitajia polepole, nikaandika, akanisahihisha herufi moja, nikaandika tena. Kisha akavuta kigoda, akaketi. "Sasa tuandike na la mwenzangu," akasema.